Kipupwe cha Wadi Kabir

Wadi Kabir, Maskati
12 Jumada al-Ula 1446 (14 Novemba 2024)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba joto na baridi akakijaalia kila kimoja kiwe na wakati wake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Mahbuba binti Shihab, Mungu akuweke. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baad. Nnakuandikia nikiwa mzima wa mwili, alhamdulillahi, isipokuwa masikio. Simu sasa hainifai. Sauti yako hunijia kama maji yanayomwagwa chumba cha pili. Mtu akiwa mbele yangu namfahamu kwa kumtazama mdomo, lakini mdomo wako uko Unguja. Kwa hiyo tumerudi kwenye kalamu. Bwana Nawar, mfanyabiashara anayekuletea barua hii kwa mkono, amenikubalia kuwa kila akisafiri atatupitia sote wawili.

Huu ni mwaka wa tatu tangu alipofariki mke wangu Balqees, Mungu amrehemu, nami nimebaki peke yangu katika nyumba hii. Mwanangu Loai na mkewe Nouf wanakaa Azaiba, karibu na bahari. Jirani zetu wa zamani wamehama mmoja mmoja, na pahala pao pamekuwa gereji za magari. Hata mwenye masikio mazima hapa haisikii adhana mpaka fundi azime mashine yake.

Nimepata shughuli moja, nawe usinicheke. Mjukuu wangu Shahad aliiacha kamera yake ndogo kabatini alipopata simu iliyo bora zaidi, nami nimeichukua. Jua limeanza kupoa, na katika miezi hii watu wa mji huu hutoka nje kama waliofunguliwa mlango. Kila siku baada ya sala ya alfajiri na uradi wangu, nuru ikishatanda, natoka kwenda kupiga picha za watu katika mambo yao ya kila siku. Khitilafu za wanavyuoni katika jambo la picha nazijua. Mimi nimejiwekea mpaka: simpigi mtu uso bila ya idhini yake, na kwa kuwa naona haya kuomba idhini, nawapiga kwa nyuma. Hii niliyokuletea ni ya mafundi watatu wamesimama mbele ya kopo la moto, wamejitanda shali mabegani juu ya nguo za kazi. Studio ya Ruwi imenisafishia vizuri.

Sasa nakuja kwenye kusudio la barua. Dada yangu, wewe ulifiwa na mume, na mimi na mke. Wewe hukuruzukiwa mtoto; mimi niliruzukiwa, naye ana mambo yake. Tulionana mara ya mwisho Makka, miaka kumi na tisa iliyopita, kwa siku nne tu, na nusu yake tulikuwa tunatafutana kwenye umati. Kipo chumba upande wa uani, kina dirisha la mashariki. Njoo tukae pamoja umri uliobaki. Sikuombi uje kutembea. Nakuomba uje kukaa.

Ndugu yako,
Suud bin Shihab

*

Mkunazini, Unguja
Mfunguo Tisa mosi, 1446 (3 Desemba 2024)

Kwa ndugu yangu Suud. Waalaykum salaam warahmatullah.

Barua yako imefika, na Nawar kanywa kahawa hapa vikombe vitatu, kwa hiyo barua yako nimeilipia. Nimeisoma mbele yake nikajizuia, alipoondoka nikalia kidogo, kisha nikaenda kukosha vyombo.

Wewe mtoto, miaka hamsini na tatu umo huko na leo ndiyo umekumbuka kuwa una chumba upande wa uani. Haya. Sikulaumu. Hata mimi nilikuwa na mume, na mume wangu hakuwa mtu wa kupanda ndege.

Jawabu yangu ni naam. Nitakuja, na nitakuja kukaa. Lakini si sasa. Joto limeanza kutubana, na joto silistahimili tena kama zamani; nikipanda ngazi hizi mbili za nyumba hii nasimama katikati kama mtu aliyesahau alichofuata. Nitakuja kipupwe, in sha Allah, safari iwe nyepesi.

Hao mafundi wako nimewatazama. Moto wanaota, na wewe uliyewapiga picha uliota na nani?

Dada yako,
Mahbuba

*

Wadi Kabir
8 Jumada al-Thaniya 1446 (10 Desemba 2024)

Kwa mwanangu Loai, Mungu akuongoze.

Ulikuwa kwangu jana, na bado nakuandikia, kwa sababu maneno uliyoyasema ulikuwa umenipa ubavu, nami sikuyasikia yote. Na ahadi baina ya watu inataka maandishi.

Nimefahamu kuwa yule muuza matairi anaitaka nyumba hii iwe ghala lake, na kuwa wewe huoni kheri mimi kukaa peke yangu baina ya gereji. Umesema, "Baba, ukianguka hapa atakayekuokota ni nani?" Ni suali la haki, nami sina hasira nalo.

Lakini shangazi yako Mahbuba ameniahidi kwa mkono wake kuwa atakuja kipupwe hiki, na kuja kukaa. Akija, nyumba haitoki mikononi mwangu maadamu mimi na yeye tuko hai. Asipokuja mpaka siku ya mwisho ya Shaaban, baridi itakuwa imekwisha na hoja yangu imekwisha pamoja nayo. Nitakukabidhi funguo na kuhamia kwako bila ya neno.

Nnakukataza jambo moja. Usimpe shangazi yako habari ya ahadi hii. Sitaki aje kwa kushurutishwa na nyumba. Nataka aje kwa sababu nimemwita.

Baba yako,
Suud

*

Wadi Kabir, Maskati
16 Jumada al-Thaniya 1446 (18 Desemba 2024)

Kwa dada yangu Bi Mahbuba, baada ya salamu na dua njema.

Barua yako nimeisoma kila siku tangu ilipofika, na neno lako "naam" nimelisoma zaidi ya yaliyosalia. Nitakungojea kipupwe kama ulivyosema. Sikuulizi siku. Mgeni aliye mwenye nyumba haulizwi siku.

Kwa vile utakuja kukaa, nimeona nikutangulizie mji kidogo kidogo, ukifika usiwe mgeni wa pahala.

Picha ya kwanza nimeipiga Maskati yenyewe, ndani ya kuta. Asubuhi magari yaliingia na watu wa wizara, na adhuhuri yakatoka nao, kisha njia ikabaki tupu. Huyo ni mfagiaji, amekaa kwenye ukingo wa ukuta palipo na jua, ameweka ufagio pembeni na kofia ya sufi imeshuka mpaka masikioni. Paka wawili wamekaa upande wake, kila mmoja kwa umbali wake. Nilikaa pia, upande wa pili.

Ya pili ni Azaiba, ufukweni, siku ya Ijumaa. Familia zimetandika mikeka, makaa yamewashwa, watoto wamevalishwa makoti na kofia kana kwamba theluji itaanguka, nayo ni hali ya hewa ambayo wewe ungetembea na kanga moja. Wanachoma mishkaki. Loai na watu wake wamo katika picha hii, wale wa mkeka wa buluu. Nilisimama mbali ili wote waenee.

Ya tatu ni ya hapa mtaani: mablangeti yametandazwa juu ya ukuta kuanikwa jua, safu nzima, mekundu na ya kijani. Ni ya wafanyakazi wanaolala wanane chumba kimoja. Katika miezi hii ukuta huu ndio bustani yetu.

Chumba chako nimekipaka chokaa kwa mkono wangu. Kitanda nimekitandika.

Ndugu yako,
Suud

*

Wadi Kabir, Maskati
8 Rajab 1446 (8 Januari 2025)

Dada yangu, Mungu akuhifadhi.

Nnaandika kabla ya kupata jawabu, jambo ambalo si adabu ya barua, lakini Nawar anasafiri kesho.

Juzi ilinyesha mvua. Hapa mvua si jambo la kuingia ndani. Ni jambo la kutoka. Bonde liliteremsha maji, na watu wote wa Wadi Kabir walifunga kazi wakasimama kando kuyatazama yanavyopita na makopo na matawi. Nimepiga migongo yao, kama arubaini hivi, wote wameelekea upande mmoja. Hukupata kuona safu iliyonyooka vile isipokuwa msikitini.

Nikuhadithie na jingine. Kwa Loai yuko binti wa Kiganda anayefanya kazi za nyumba, jina lake Nabatanzi. Ni mtu wa kanisa, na ana adabu kuliko wengi niliosali nao. Kiswahili chake ni cha bara, amechanganya na Kiarabu cha jikoni. Aliniona na kamera akaniambia, "Babu, hawa watu wanavaa koti na mimi natoka jasho. Hii wanaita baridi? Kwetu Masaka hii ni hali ya harusi." Kisha akasema, "Nipige moja, nitume kwa mama. Lakini uso, si mgongo. Mama yangu hanijui kwa mgongo."

Nikamwambia kuwa mimi sikuzoea nyuso.

"Khalas, utazoea na mimi. Yalla, Babu, nguo zinaungua kwa pasi."

Nikampiga. Picha ikatoka na ukungu, naye akaipenda hivyo hivyo. Hiyo si ya kukuletea. Ni ya mama yake.

Shuka za chumba chako nimezibadilisha. Kila gari likisimama nje natoka barazani, kisha huwa ni mtu aliyeleta gari lake kutengenezwa.

Suud

*

Mkunazini, Unguja
19 Rajab 1446 (19 Januari 2025)

Kwa Suud, ndugu yangu. Salaam nyingi.

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, na picha nne. Nimezipanga juu ya kitanda nikazitazama moja moja, kisha nikazitazama zote kwa pamoja, na hapo ndipo moyo ulipotaharuki. Mfagiaji, mgongo. Mafundi wa mwanzo, migongo. Watu arubaini, migongo. Hata mwanao na mkewe kwenye mkeka wao, migongo. Suud, katika mji wote huo hakuna hata mmoja anayekutazama? Najua utaniambia mambo ya wanavyuoni. Mimi si mwanachuoni. Mimi ni dada yako, nimekulea.

Na hicho kitanda. Nimecheka mpaka Bi Manal wa chini akanigongea dari kwa mchi. Wewe tangu utotoni ni hivyo hivyo, mgeni hata hajaamua viatu gani atavaa, wewe umeshatandika na kusimama mlangoni. Umetandika, umebadilisha shuka, bado kidogo utaniwekea maji ya kuoga. Zitaingia vumbi tu hizo shuka. Zitoe, zikunje, uziweke. Mimi nna mambo mengi ya kumaliza huku, na mengine sikwambii sasa. Kuwa na subira, mtoto wewe.

Dada yako,
Mahbuba

*

Wadi Kabir
29 Shaaban 1446 (28 Februari 2025)

Kwa mwanangu Loai.

Ndani ya bahasha hii mna funguo tatu: wa mlango mkubwa, wa uani, na wa chumba cha upande wa mashariki.

Shangazi yako hakuja. Usimtaje kwa ubaya mbele yangu. Aliniandikia tangu Rajab, kwa upole na kwa mzaha kama ilivyo tabia yake, kuwa mgeni hajaamua na kuwa nikunje shuka. Nilichelewa kumfahamu, na sikumwandikia tena, kwa kuwa mtu aliyejizuia kwa upole haombwi mara ya pili.

Kesho ni Ramadhani. Njoo unichukue baada ya sala ya laasiri. Mizigo yangu ni misahafu, vitabu, nguo, na kitanda cha mama yako ambacho naomba kisiuzwe. Kamera nitamrejeshea Shahad.

Baba yako

*

Fuoni, Unguja
13 Mfunguo Mosi 1446 (12 Aprili 2025)

Kwa ndugu yangu Suud. Assalamu alaykum, na Eid iliyopita iwe ya kheri.

Nimehesabu, na tangu barua yako ya mvua sijapata hata mstari. Nawar kaniambia hakukukuta nyumbani mara mbili, mlango umefungwa. Nikasema, huyo yumo njiani na kamera yake anafuata migongo ya watu. Lakini ilipopita Ramadhani yote, na Eid, na hukuniletea hata salamu, nikaanza kufikiri mengine. Kama umejuta kuniita, sema. Nna miaka sabini na minane, nishaambiwa mabaya zaidi ya hayo.

Kwa kuwa sijui, nitaandika kama kwamba hukujuta.

Lile nililokuwa sikwambii sasa nakwambia. Chumba changu cha Mkunazini, nilichokaa miaka arubaini na moja, nimekirejesha kwa mwenyewe. Nilitaka nikimalize kila kitu kwanza ndipo nikwambie, nikuone uso utakavyokuwa. Basi hata hilo limekuwa la kwenye karatasi. Vyombo nimegawa. Kabati nimempa Bi Manal, kalia, mimi sikulia. Sasa niko Fuoni kwa Khattab, mtoto wa shemeji yangu, nimetandikiwa ukumbini. Pasi ya kusafiria ninayo. Tikiti nimekata: Jumamosi tarehe 21 Juni, kipupwe kishaingia, kama nilivyokuahidi.

Nijibu, Suud. Hata kwa neno moja.

Mahbuba

*

Azaiba, Maskati
2 Dhul-Qaada 1446 (30 Aprili 2025)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye hakifichikani kitu Kwake.

Dada yangu Mahbuba. Nawar ameniulizia kwa mafundi wa mtaani mpaka akanipata hapa Azaiba. Nimeisoma barua yako mara moja, nikaiweka, nikatia udhu na kusali rakaa mbili, kisha nikarudi nikasoma mstari mmoja tu: "21 Juni, kipupwe kishaingia."

Nilikuwa nimesahau. Mwenyezi Mungu ni shahidi, nilikuwa nimesahau kuwa kipupwe ni Juni. Sisi tuliokuja huku tuliyabeba maneno na majira yakabaki. Balqees alikuwa kila Desemba akisema, "Kipupwe kimeingia, toeni mablangeti," na sote tukamfuata. Na watoto wetu hawajui kipupwe kingine. Ulipoandika kuwa utakuja kipupwe, sikufikiri hata nukta moja. Nilikungojea mwezi uleule niliosoma neno lako. Nilikungojea Desemba, na Januari, na Februari yote.

Na ulipoandika kuwa mgeni hajaamua, nikadhani ni wewe uliyekuwa hukuamua. Sikukuuliza. Nilijiambia kuwa kutokuuliza ni adabu. Sasa naona kuwa ilikuwa kiburi kilichovaa kanzu ya adabu, nami namwomba Mungu maghfira kwa hilo, na wewe nakuomba radhi.

Lipo lililo zaidi, na hili nilikuficha tangu mwanzo. Nilimwahidi Loai kwa maandishi kuwa usipofika mpaka mwisho wa Shaaban nitaitoa nyumba. Hukufika. Nimeitoa. Sasa ni ghala la matairi kwa mkataba wa miaka miwili, na mkataba huo nimeutia saini mwenyewe. Wala sikumwambia Loai alete funguo za akiba. Niliona nikishika hata moja nitakuwa naendelea kungoja.

Hapa nilipo ni chumba kimoja nyuma ya majlisi ya mwanangu. Nouf ananitendea wema. Watoto wananipa salamu wakipita. Kuna siku kuanzia asubuhi mpaka magharibi sioni mdomo wa mtu ukinisemesha isipokuwa wa Nabatanzi aniletapo chai.

Wewe umetoa chumba chako kwa sababu unakuja, nami nimetoa nyumba kwa sababu huji. Na mwezi uliokatia tikiti, huku kwa joto mtu hashiki komeo la mlango kwa mkono mtupu. Loai anasema uje tu, utalala na Shahad. Hukumu ni yako.

Ndugu yako aliyekukosea,
Suud

*

Fuoni, Unguja
18 Mfunguo Pili 1446 (16 Mei 2025)

Suud,

Barua yako mara ya kwanza nimecheka. Mara ya pili sikucheka.

Kipupwe ni Juni. Ni Juni tangu tulipozaliwa, ni Juni tangu alipozaliwa baba yetu. Baridi yenu mnaiita shita, kwa nini hukuniambia shita? Na mimi nisiseme sana, maana picha zako za watu waliojitanda shali mwezi wa Desemba nilizitazama kwa macho yangu, na haikunipitia kuwa unaningoja. Nilikuwa kama mtu atakayekuja na kipupwe chake mkobani.

Hasira yangu haiko kwenye nyumba. Nyumba ni udongo. Hasira yangu ni kuwa ulidhani nimekukataa ukakaa kimya, ukahama, ukafunga Ramadhani nzima ukiwa na dhana hiyo juu yangu, na mimi hapa nagawa vyombo. Usininyamazie tena. Hilo ndilo sharti langu la kwanza.

La pili. Silali na Shahad. Mtoto ana mambo yake, na mimi nakoroma. Wala siendi kukaa kwenye nyumba ya mke wa mwanao. Ni mwema, umesema, naamini. Lakini mwanamke wa umri wangu haombi ruhusa kufungua friji. Nilikuwa na mlango wangu miaka arubaini na moja. Sikuuacha nije kukaa nyuma ya mlango wa mtu.

Ndege ni tarehe 21. Ukipata pahala petu wawili, hata pawe padogo vipi, nakuja, joto na lije. Usipopata, niambie ukweli kabla ya siku hiyo, nitabaki kwenye ukumbi wa Khattab mpaka Mungu atakaponihitaji. Nitaridhika. Lakini niambie.

Mahbuba

*

Wadi Kabir, Maskati
7 Dhul-Hijja 1446 (3 Juni 2025)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwenye kukusanya waliotawanyika. Namshukuru kwa kila hali.

Kwa dada yangu Bi Mahbuba binti Shihab. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tazama nilipoandikia. Nimepata vyumba viwili, jiko, na choo, ghorofa ya kwanza, juu ya fundi wa redieta. Ngazi ni kumi na nne. Nimezihesabu kwa ajili yako, na katikati pana pahala pa kusimama kwa mtu aliyesahau alichofuata. Kipo kipoza hewa kila chumba, navyo vinafanya kelele, kelele ambazo mimi sizisikii na wewe utanisamehe.

Loai hakufurahi. Alikuja akasimama katikati ya chumba kitupu akasema, "Baba, nimekuhamisha Wadi Kabir, umerudi Wadi Kabir?"

Nikamwambia, "Sikurudi pale. Hii ni ng'ambo ya barabara."

"Watu watasema Loai amemtoa baba yake."

"Waambie baba yako amekutoroka."

Akashuka, na nilidhani amekwenda zake. Akarudi na godoro kichwani, jasho limemlowesha kanzu, na nyuma yake Nabatanzi na sufuria. Yule binti alizitazama ngazi akaniuliza, "Babu, hizi utapanda kila siku?" Nikasema nitapanda kwa bismillahi. Akasema, "Panda na bismillahi, lakini shika na ukuta."

Nikwambie na la upande wa pili, kwa kuwa umenitaka nisikufiche. Dirisha la chumba changu linaelekea uani kwa ile nyumba yetu. Matairi yamepangwa mpaka juu, pahala alipokuwa akikaa Balqees na ungo wake. Siku ya mwanzo nilisimama pale dirishani mpaka ikaingia sala. Sikupiga picha. Shahad amenirejeshea kamera bila ya kuniuliza neno, na bado sijaitoa katika mkoba wake. Joto hili halina watu njiani. Mafundi wanafanya kazi alfajiri na magharibi, na mchana mtaa ni jua tupu. Si kipupwe cha mtu yeyote. Utaingia katika mji uliofungwa madirisha, na huenda ukajuta mwezi wa kwanza. Ukijuta, niambie usoni, polepole, nikuone mdomo.

Chumba chako sikukitandika. Shuka zimo kwenye kabati, zimekunjwa, utachagua mwenyewe.

Nami sitasema tena kwa majina ya majira. Nasema kwa tarehe: Jumamosi, 21 Juni, sawa na 25 Dhul-Hijja. Loai atanileta uwanjani saa mbili kabla ya ndege kutua, nami nitasimama pale wanapotokea wasafiri, upande wa kulia, nimevaa kilemba cha kijivu. Usiniite kwa sauti, maana sitasikia. Nijie kwa mbele.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama, wewe na kila utakayepanda naye. Ambariki Khattab na watu wa nyumba yake kwa ukumbi waliokupa, awazidishie riziki ya halali na watoto wema. Amrehemu baba yetu Shihab na mama yetu, na mume wako, na Balqees. Na kila atakayeishika barua hii mkononi, ampe mlango wa kufungua na mtu wa kuufungulia. Amin.

Ndugu yako anayekungoja tarehe hiyo,
Suud bin Shihab